Nyasi Bandia Juu ya Udongo Mweusi: Tengeneza Chini Kabla ya Juu

Ukiona zulia la nyasi bandia limebonyea katikati, limejikunja pembeni na kuachana kwenye maungio, usikimbilie gundi. Katika nyumba nyingi za Syokimau, Kitengela, Mlolongo, Embakasi na South C, zulia lenyewe halina kosa kubwa. Linaharibiwa na udongo lililolazwa juu yake, ule mweusi ambao mvua huuvimbisha na kiangazi huupasua. Ukibandika kiraka bila kuutuliza udongo huo, msimu mmoja wa mvua unatosha kukibandua.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba anayetaka kuufufua uwanja wake kwa mikono yake, au kumsimamia fundi huku akijua cha kutazama. Kazi ina mpangilio mmoja: maji kwanza, ardhi ya pili, zulia la mwisho. Anayeanza na zulia hurudia kazi yote.

Ujue udongo wako

Upande wa magharibi na kaskazini wa Nairobi, kuanzia Kileleshwa hadi Loresho na kuelekea Kiambu, udongo ni mwekundu. Hunywa maji vizuri na hutulia. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea tambarare za Athi, udongo ni mweusi. Wajenzi wa Kenya huuita udongo mweusi wa pamba. Ndugu zao wa Shinyanga na Mwanza huuita udongo wa mbuga. Mfinyanzi wake umeundwa kwa chembe bapa zilizolaliana tabaka juu ya tabaka. Maji yakipenya kati ya tabaka hizo huzisukuma zikaachana, na udongo ukavimba. Yakikauka, tabaka hurudiana, udongo ukasinyaa na kuacha nyufa zinazomeza kidole, nyingine zikishuka zaidi ya nusu mita.

Nyumba ya mawe angalau ina uzito wa kuupinga kiasi udongo unaovimba. Zulia la nyasi halina uzito wowote wa maana, kwa hiyo hupanda na kushuka na udongo. Lakini hata hilo lisingekuwa tatizo kama uwanja mzima ungepanda na kushuka kwa pamoja. Hasara huja pale upande mmoja unapokuwa umelowa na mwingine mkavu: chini ya mfereji wa paa udongo umevimba, karibu na mti umesinyaa, na zulia lililo katikati linavutwa huku na huku hadi maungio yaachie. Basi lengo lako kubwa katika ukarabati ni unyevu ulio sawa uwanja mzima.

Ili kujua una udongo gani, chimba futi moja kwenda chini, chukua donge la ukubwa wa ngumi, lilainishe kwa maji kisha ulifinye kati ya kidole gumba na cha shahada litoke utepe. Utepe ukifika sentimita 5 bila kukatika, una mfinyanzi mwingi.

Halafu pima unywaji wa maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena, kisha upime yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, usitarajie mvua ipotelee ardhini. Ni lazima uitafutie njia ya pembeni. Pima siku ambayo udongo umeshalowa. Katikati ya kiangazi nyufa humeza ndoo nzima kwa dakika chache, ukadhani ardhi yako inakunywa maji vizuri, kumbe inajaza nyufa tu.

Soma dalili kabla ya kushika kisu

Zunguka uwanja mara mbili kwa siku moja: alfajiri na saa saba mchana.

*Mikunjo.* Ile inayoinuka jua likiwa kali na kutoweka jioni imeletwa na joto, plastiki hutanuka. Inayoonekana hata alfajiri, kukiwa na baridi, imeletwa na ardhi au na zulia lililofungwa vibaya kingoni.

*Mabonde.* Subiri mvua ikatike, kisha uchore kila dimbwi kwa chaki. Kukiwa kukavu, funga uzi kati ya vigingi viwili na upime umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye nyasi. Bonde lenye kina cha zaidi ya sentimita 2 linahitaji zulia lifunuliwe. Lililo dogo zaidi, kama halikusanyi maji, linaweza kungoja.

*Maungio yaliyoachana.* Tazama umbo la mwanya. Ukiwa na upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, huenda gundi ilikuwa hafifu. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, mara nyingi ardhi imesogea.

*Utelezi wa kijani.* Huo ni ushahidi wa maji yaliyosimama. Ama ardhi imebonyea, ama matundu madogo yaliyo mgongoni mwa zulia yamezibwa na vumbi na tope.

*Vishungi vinavyong'oka.* Shika kishungi kimoja kwa koleo uvute kwa nguvu ya wastani, na urudie sehemu tano au sita tofauti. Vikitoka kirahisi, gundi ya mgongoni imechoka. Zulia la namna hiyo halitashika kiraka.

*Nyuzi zinazokatika.* Zisugue kwa kiganja. Zikiacha unga na vipande vifupi, jua limezimaliza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Miale ya jua hapa ni mikali kwa plastiki hata siku ambazo hewa ina ubaridi.

*Nyuzi zilizoyeyuka.* Doa la duara kwa kawaida ni kaa la jiko la nyama choma. Mstari au pande refu lisiloeleweka lilikotoka huenda limeletwa na kioo cha dirisha kinachorudisha jua mahali pamoja kila siku kwa saa ileile. Simama hapo saa hiyo, utauona mwanga. Kabla ya kubandika kiraka, weka mti wa kivuli, pazia la nje au chandarua juu ya kioo hicho, la sivyo kiraka kitayeyuka kama kilichotangulia.

Maji kwanza

Fuata kila tone linaloingia uwanjani. Anza juu: mfereji wa paa unamwaga wapi? Bomba la paa linaloishia kwenye kona ya uwanja hulowesha kona hiyo peke yake, na hapo ndipo udongo huvimba. Lirefushe hadi kwenye mtaro. Kisha angalia tangi: maji ya kufurika yanaangukia wapi?

Halafu chunguza mabomba ya chini ya ardhi. Funga koki zote jioni, andika namba zilizo kwenye mita, usimruhusu mtu kutumia maji, na usome tena asubuhi. Namba zikisogea, kuna bomba linalovuja, na huenda limekuwa likiuvimbisha udongo kimyakimya kwa miezi.

Bustani ya maua iliyopakana na zulia nayo ina mchango wake. Ikinyweshewa kila jioni, ukingo wa zulia utakaa juu ya udongo uliovimba huku katikati pakiwa pakavu. Tenganisha bustani na zulia kwa njia ya kabro yenye upana wa nusu mita au zaidi. Miti inafanya kinyume chake: mkaratusi uliopandwa karibu hunyonya maji hadi udongo ukasinyaa na kubonyea. Usiukate kwa pupa, kwa sababu ardhi iliyokuwa ikinyonywa miaka mingi itaanza kuvimba taratibu ukiondoka. Kama ni lazima ukatwe, ukate kabla ya ukarabati na uiache ardhi ipitie msimu mmoja wa mvua.

Mwisho, mpe mvua mlango wa kutokea. Uso wa uwanja uwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Upande wa chini chimba mtaro wenye upana wa sentimita 30 na kina cha 40 hadi 50. Utandike kwa jiotekstaili, yaani kile kitambaa kigumu kinachopitisha maji na kuzuia tope. Laza ndani yake bomba lenye matundu, likiteremka sentimita 1 kwa kila mita, lifunike kwa kokoto safi, kisha ukunje kitambaa juu yake. Maji yaishie kwenye mfereji wa barabarani. Usiyapeleke kwa jirani, wala usiyaunganishe na bomba la majitaka au shimo la choo. Mvua kubwa ikija itarudisha uchafu ndani ya nyumba.

Chagua mwezi

Udongo mweusi hauchezewi wakati wowote. Mvua za masika zikiwa zimepamba moto kati ya Machi na Mei, hauwezi kushindiliwa. Utageuka tope na kupanda juu ya kokoto. Kiangazi kikiwa kikali, nyufa zimefunguka, na hapo kuna mtego unaowanasa wengi: kujaza nyufa kwa mchanga. Nyufa hizo ni nafasi ambayo udongo unaihitaji ili kutanuka mvua ikirudi. Ukiijaza mchanga, udongo utakosa pa kwenda isipokuwa juu, na uwanja utainuka mabonge.

Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua kukatika: Juni baada ya masika, au Januari baada ya vuli. Udongo unakuwa na unyevu wa wastani, unabonyea mkononi bila kuchafua kiganja kwa tope. Ukilazimika kufanya kazi wakati wa ukame, nyunyizia ardhi maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi nyufa zijifunge zenyewe.

Vifaa

Kwa uwanja wa kawaida wa nyumbani, tayarisha:

- kisu cha kukatia zulia na wembe wa akiba wa kutosha, kwa sababu wembe butu hurarua mgongo wa zulia;
- jembe, sepetu, sululu, reki na toroli;
- kishindilio cha mkono, au mashine ya kukodi kama eneo ni kubwa;
- ubao ulionyooka wa mita 2, pimamaji, uzi na vigingi;
- jiotekstaili, kokoto zenye ncha zilizochanganyika saizi, na vumbi la kokoto kutoka machimboni;
- mkanda wa maungio wenye upana wa sentimita 30 hivi, na gundi ya nyasi bandia isiyoharibiwa na maji;
- misumari mirefu iliyopakwa zinki, ya sentimita 15;
- ufagio mgumu wa plastiki, na mchanga mkavu wa kunyunyizia juu;
- glavu, miwani ya kazi na barakoa, kwa kuwa vumbi la mawe huumiza mapafu.

Kufunua zulia bila kuliua

Fagia mchanga ulio juu ya nyasi uutie gunia. Utautumia tena ukishaoshwa. Ng'oa misumari ya ukingo mmoja, kisha ukate gundi ya maungio taratibu kwa kisu kilicholazwa. Geuza ukingo na kwa kalamu ya wino mzito uchore mgongoni mshale unaoonyesha nyuzi zinalalia upande gani. Kama kuna vipande viwili au zaidi, vipe namba. Viringisha zulia, usilikunje. Mkunjo wa siku mbili unaweza kubaki na alama yake mwaka mzima. Mita chache za zulia lenye mchanga ni mzigo, kwa hiyo omba msaada wa watu wawili. Liweke kivulini.

Sasa utazame mgongo wake. Ukiwa umepasuka au unabanduka kwa magamba, usihangaike kulirudisha. Ukiwa mzima na umeziba tu, usugue kwa brashi na maji hadi matundu yafunguke.

Ardhi: ngazi tatu za kazi

Unachokikuta chini ndicho kinachoamua ukubwa wa kazi.

*Ngazi ya kwanza: tabaka la kokoto lipo, limebonyea tu.* Kwangua uso wake kwa reki sentimita 2 au 3, ili nyongeza ishikane na ya zamani. Mwaga vumbi la kokoto, lilowanishe kidogo, lishindilie. Bonde likiwa na kina, jaza kwa tabaka za sentimita 5, kila moja ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Laza ubao wa mita 2 juu. Usione mwanga wa zaidi ya nusu sentimita chini yake.

*Ngazi ya pili: zulia lililazwa moja kwa moja juu ya udongo, au juu ya mchanga mwembamba.* Hali hii ni ya kawaida pale kazi ilipofanywa kwa haraka ili nyumba ipangishwe. Toa udongo wa sentimita 15 hadi 20. Sakafu ya shimo nayo iwe na mteremko kuelekea kwenye mtaro, na hapa usilegeze hata kidogo. Shimo lililochimbwa katika mfinyanzi, likajazwa kokoto na kukosa pa kutokea, ni sufuria: maji huingia kwa urahisi kupitia kwenye zulia, hukaa humo, na udongo wa chini unaendelea kuyanyonya wiki nzima baada ya mvua kupita. Kokoto nyingi bila mteremko huongeza tatizo badala ya kuliondoa.

Tandika jiotekstaili juu ya sakafu hiyo, vipande vikipandana sentimita 30. Kazi yake ni kuzuia tope lisipande na kokoto zisizame. Usiweke karatasi ya nailoni badala yake. Itayafungia maji juu. Mwaga kokoto sentimita 10 hadi 15 kwa tabaka mbili, shindilia kila moja, kisha umalizie na vumbi la kokoto sentimita 2 au 3. Kokoto ziwe zenye ncha, zinazobanana. Kokoto za mviringo za mtoni huteleza hata zikishindiliwa.

*Ngazi ya tatu: ardhi inainuka mabonge kila mwaka.* Hapa utachimba sentimita 30 hadi 60 na kujaza maramu ya chembe ngumu kwa tabaka zilizoshindiliwa, kisha tabaka la kokoto juu yake kama ilivyoelezwa. Maramu iliyoshindiliwa haipitishi maji mengi, kwa hiyo nayo ipewe mteremko.

Penye gharama kubwa ya kubeba udongo, kuna njia ya chokaa, inayotumiwa pia na wahandisi wa barabara. Chokaa hubadilisha kemia ya mfinyanzi: chembe hushikana na kupoteza hamu ya maji. Kiasi cha kawaida ni asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu, yaani karibu kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba ukichanganya hadi kina cha sentimita 15. Nunua chokaa ya ujenzi. Ile ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu, haitafanya kazi hiyo. Vunja madonge, changanya vizuri kukiwa na unyevu, uache usiku mmoja, changanya tena kesho yake kisha ushindilie. Chokaa huunguza ngozi na macho, basi vaa glavu na miwani, usifanye kazi penye upepo, na uwaweke watoto na mbwa mbali. Usiitumie karibu na mizizi ya maua unayoyapenda.

Kingo

Wengi hujenga ukingo mwembamba wa zege kuzunguka uwanja. Juu ya udongo mweusi ukingo huo hupasuka, na kila mpasuko hung'oa kipande cha zulia. Tumia ukingo unaokubali kupinda kidogo: nguzo za plastiki iliyosagwa upya zinafaa, wala mchwa hawazili, tofauti na mbao. Pigilia zulia kwa misumari kila baada ya sentimita 20 hivi, ikishika tabaka la kokoto. Zulia livutwe kiasi cha kuondoa mikunjo tu, na upande wa ukuta wa nyumba liachiwe upenyo mdogo wa kutanukia.

Kiraka kisichoonekana

Sasa umefika kwenye zulia. Kata sehemu mbovu kwa umbo la mraba au mstatili, ukikata kutoka mgongoni, kati ya mistari ya mshono. Ukikata kutoka juu, utafyeka nyuzi za jirani na kovu litabaki.

Kipande cha kuziba kisitoke dukani moja kwa moja, hata kama ni cha aina ileile. Nyasi zako zimepauka kwa jua, na kipya kitang'aa katikati ya uwanja. Kata kipande kutoka mahali pasipoonekana, kama nyuma ya tangi, ukilete katikati. Kile kipya kipeleke nyuma ya tangi. Hakikisha mishale ya mgongoni inaelekea upande mmoja. Kiraka kilichogeuzwa, hata kikikatwa kwa ustadi, huonekana cha rangi nyingine.

Jaribu kukilaza kikavu kwanza. Mwanya kati ya kiraka na zulia uwe sawa na nafasi iliyo kati ya mishono miwili, kwa kawaida milimita chache. Vikibanana mno, nyuzi zitasimama mstari. Vikiachana, utaona mfereji. Fagia mchanga sentimita 30 kuzunguka shimo, ingiza mkanda wa maungio chini ya kingo zote nne, upake gundi, ulaze kiraka huku ukizitenga nyuzi kwa vidole zisinaswe. Weka juu yake magunia ya mchanga na uache saa 24, bila mvua wala mtu kupita. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo kama unazidi huo.

Maungio marefu yaliyoachana hutengenezwa vivyo hivyo: toa mkanda wa zamani wote, kwangua gundi iliyokauka, uweke mpya. Gundi mpya juu ya ya zamani haishiki. Kazi hiyo ifanye asubuhi au jioni. Saa sita mchana zulia limetanuka, na likipoa usiku mwanya utafunguka tena.

Nyasi zilizolala, mchanga na harufu

Nyasi zilizolala njiani kuelekea mlangoni hazihitaji kubadilishwa. Zifagie kwa ufagio mgumu wa plastiki dhidi ya upande zinakolalia, siku kukiwa na joto kiasi, kisha urudishe mchanga wa kuzishikilia. Kilo 5 hadi 8 kwa mita ya mraba zinatosha zulia la nyumbani. Mwaga kidogo kidogo ukifagia, hadi uzame kwenye mizizi ya nyuzi. Usitumie ufagio wa waya.

Mchanga upimwe kwanza. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, uache. Maji yakibaki na tope, au ukiona utando wa matope juu ya mchanga, uoshe kabla ya kuutumia. Tope hilo ndilo litakaloziba matundu ya zulia. Aliye Mombasa asichote mchanga wa ufuoni: una chumvi na vipande vya makombe.

Penye mbwa, harufu hutoka kwenye mkojo ulionaswa chini. Maji mengi peke yake juu ya ardhi isiyotoa maji huisambaza tu. Ukishatengeneza mteremko, mwagia dawa ya vimeng'enya inayouzwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama, iache ifanye kazi, kisha usuuze. Usitumie mafuta ya taa wala petroli kuondoa doa lolote. Huyeyusha mgongo wa zulia. Jiko la nyama liwekwe juu ya kabro, kamwe lisiwe juu ya nyasi.

Wakati wa kuachana nalo

Kama nyuzi zinageuka unga, vishungi vinang'oka kila unapopima, au theluthi ya uwanja inahitaji kiraka, tumia fedha zako kwenye ardhi sasa na ununue zulia jipya baadaye. Tabaka la kokoto lililotengenezwa vizuri litalihudumia zulia jipya na la baada yake. La zamani usilichome, moshi wa plastiki ni sumu. Hifadhi vipande vizima kwa viraka, vingine vifae sakafu ya gari au mlango wa nyuma.

Na kama uwanja ni mdogo, uko bondeni na maji ya mtaa mzima hupitia hapo, fikiria kabro zenye nafasi za kupitisha maji, au nyasi hai zinazovumilia udongo mzito. Nyasi hai zikibonyea, hujiinua zenyewe.

Utunzaji wa mwaka

Februari na Septemba, kabla ya mvua: safisha mifereji ya paa, zibua mtaro, jaribu kumwaga ndoo mbili upande wa juu uone kama zinatokea chini. Katikati ya mvua: chora madimbwi kwa chaki. Juni na Januari: rekebisha ulichochora. Kila mwezi: fagia, ondoa majani, na uvute magugu yaliyotokeza kwenye maungio kabla mizizi haijaufungua mkanda.

Kabla ya kumlipa fundi

Ukiamua kuajiri, muulize fundi maswali matatu papo hapo uwanjani. Maji yatatokea wapi? Atachimba kina gani na ataweka nini chini ya kokoto? Atashindilia kwa tabaka ngapi? Fundi anayeijua kazi atakuonyesha kwa kidole mahali maji yatakapotokea kabla hajataja bei. Anayeanza kwa kukuonyesha rangi za nyasi kwenye simu, mshukuru na utafute mwingine. Ukimpata wa kwanza, pangeni malipo kwa hatua, na fungu kubwa lilipwe baada ya wewe mwenyewe kumwaga maji juu ya kokoto zilizoshindiliwa, ukayaona yakitoka mtaroni, zulia likiwa bado limeviringishwa kivulini.